MALI BILA DAFTARI: KWA NINI NDEGE ISITUME HABARI ZAKE PAPO HAPO?

Waswahili walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nilifundishwa nikiwa Kidato cha Kwanza, nikaikariri kwa sababu ya mtihani, kisha nikaiacha pale pale darasani. Sikujua kwamba siku moja ingenifuata hadi nyumbani kwetu Laini Saba, kisha ipae nami hadi juu mawinguni. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Nataka kueleza jambo ambalo mama yangu aliniuliza usiku mmoja nikashindwa kulijibu, mimi ninayejiita mwanafunzi wa fizikia.

Daftari la akina mama

Mama yangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa mtaa wetu. Hukutana kila Jumapili alasiri, kila mmoja hutoa mchango wake, na mama huandika katika daftari kubwa la jalada gumu: nani ametoa, nani amekopa, nani amelipa. Daftari hilo lilikuwa likikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Sanduku lenyewe ni la nguvu kwelikweli, babu alilitumia shuleni miaka hiyo.

Basi ikaja ile mvua ya Aprili 2024 ambayo kila mtu wa Nairobi anaikumbuka. Mto Ngong ulifura, na maji yakaingia nyumbani usiku tukiwa tumelala. Tulitoka na nguo tulizovaa na watoto mgongoni. Sanduku lilichukuliwa na maji. Tulilipata siku ya tatu, limezikwa kwenye matope huko chini, halikupasuka hata kidogo. Tulipolianika daftari, kurasa nyingi ziliweza kusomeka.

Lakini jamani, siku zile tatu! Wapo walionong'ona kwamba mama amekula pesa na sasa anasingizia mafuriko. Wapo waliokataa kumsalimia. Kitu kilichotuumiza kilikuwa kungoja. Ukweli ulikuwa mzima ndani ya sanduku, lakini hakuna aliyejua sanduku liko wapi.

Tangu hapo kikundi kiliweka sheria mpya. Kila Jumapili, kabla ya kutawanyika, karani mwenye simu ya kisasa hupiga picha ya ukurasa wa siku hiyo na kuwatumia wanachama wawili wanaokaa mbali na mto. Daftari lenyewe bado lipo, na bado ndilo la asili. Ila halibaki peke yake tena.

Swali la mama

Mwezi wa Januari 2025 dada yangu mkubwa alipata kazi Doha, akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Sisi wa Laini Saba si wageni wa ndege kwa macho. Zile ndogo za Uwanja wa Wilson hutupitia karibu, tunasikia mlio kabla ya kuziona. Lakini kuzipanda ni jambo jingine.

Usiku ule mama hakulala. Alikaa kwenye stuli, simu yake ya mulika mwizi mkononi, akisubiri neno. Mwishowe akaniita.

"Wewe mwanangu uliyesoma, hebu nieleze. Ile ndege ikipata shida huko juu ya bahari, nani atajua iko wapi?"

Nikamjibu kwa majivuno, "Mama, usijali. Kila ndege kubwa ina sanduku jeusi. Linanasa kila kitu."

"Na hilo sanduku linakaa wapi?"

"Ndani ya ndege, mama. Huko nyuma, karibu na mkia."

Akanitazama, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. "Sasa hiyo si ni kama lile sanduku langu la bati? Mimi na simu hii ya bei rahisi natuma ujumbe hadi Busia ukafika nikipepesa jicho. Ndege ya mabilioni haiwezi kutuma?"

Nilinyamaza. Kesho yake nikaanza kuuliza walimu na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Sanduku jeusi ni nini?

Kwanza, sanduku jeusi si jeusi. Limepakwa rangi ya chungwa iliyokolea ili lionekane kwa urahisi kwenye majani, matope au maji. Pili, kwa kawaida ni masanduku mawili. Moja ni kinasa data, ambacho huandika mwendo, kimo, mwelekeo, nguvu za injini, jinsi usukani ulivyoshikwa na mamia ya vipimo vingine. La pili ni kinasa sauti, ambacho hunasa mazungumzo ya marubani na milio ya chumba chao.

Mtu anayekumbukwa zaidi kwa wazo hili ni mwanasayansi wa Australia, David Warren. Baba yake alikufa mwaka 1934 katika ndege iliyopotea baharini, Warren akiwa mtoto wa miaka tisa. Katika miaka ya 1950, akifanya kazi Melbourne, alipendekeza kitu kitakachobaki na kusimulia yaliyotokea baada ya watu wote kunyamaza. Mwanzoni wengi hawakumsikiliza. Leo hakuna ndege kubwa ya abiria inayoruka bila vinasa hivyo.

Nguvu za sanduku hili ni za kustaajabisha. Hujaribiwa kwa moto wa nyuzi 1,100 za Selsiasi kwa muda wa saa nzima. Hujaribiwa pia kwa kishindo cha mara 3,400 ya uzito wake, na kwa shinikizo la maji ya kina cha mita 6,000. Likizama, kifaa kilichofungwa juu yake hulia kama kengele chini ya maji. Zamani kililia kwa siku 30, na vya kisasa hulia kwa siku 90. Kinasa data huhifadhi saa 25 za mwisho.

Kwa hiyo udhaifu wa sanduku hauko katika ubovu wake. Udhaifu ni ule wa sanduku la mama: linakaa na waliopotea, na lisipoonekana nalo haliwezi kusema.

Kilichotokea Douala

Wakenya tunalijua jambo hili kwa uchungu. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways namba 507, aina ya Boeing 737-800, iliondoka Douala nchini Kamerun kuja Nairobi. Ilikuwa imetoka Abidjan. Ilikuwa na watu 114. Mvua ya radi ilikuwa imeichelewesha kama saa moja. Iliruka baada ya saa sita usiku kwa saa za huko, na haikuchukua hata dakika mbili angani.

Asubuhi jamaa walikuwa wamesimama Uwanja wa Jomo Kenyatta wakingoja wapendwa wao, na ndege haikutua. Msako ulianza upande wa Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka Douala. Helikopta zikazunguka juu ya msitu. Siku ikapita, usiku ukapita. Jioni ya Jumapili tarehe 6 Mei ndipo mabaki yalipopatikana. Yalikuwa wapi? Katika kinamasi cha mikoko karibu na kijiji cha Mbanga Pongo, umbali usiotimia kilomita 6 kutoka mwisho wa njia ya kurukia ya uwanja ule ule. Hapo ni mwendo wa kutembea kwa miguu, kama kutoka kwetu Laini Saba hadi katikati ya jiji. Hakuna aliyesalimika.

Kinasa data kilipatikana upesi, tarehe 7 Mei. Kinasa sauti kilibaki matopeni hadi katikati ya Juni. Vyote viwili vilipelekwa Kanada kusomwa, na taarifa ya mwisho ilitolewa Aprili 2010, karibu miaka mitatu baada ya ajali. Vinasa vilieleza kwamba mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe ulitajwa kuwa umewashwa, kumbe haukuwashwa. Ndege ikaanza kulalia upande wa kulia polepole gizani, na marubani hawakutambua mapema. Walipojaribu kuirudisha, walikuwa wamechelewa.

Fikiria basi, msomaji. Habari za mahali ndege ilipo ni latitudo, longitudo, kimo na mwelekeo. Ukiziandika zote ni fupi kuliko ujumbe wa simu wa kawaida. Lau ujumbe mmoja kama huo ungetoka ndani ya dakika ile ya mwisho na kufika mahali pa kuaminika, wasingetafuta zaidi ya kilomita 100 mbali. Sisemi ungewaokoa waliokuwa ndani, la. Lakini jamaa wasingengoja siku mbili bila kujua walie au watumaini.

Kutuma kunawezekana?

Jibu fupi ni ndiyo, na tayari hufanyika kwa kiasi. Tangu miaka ya 1970 ndege kubwa zina mfumo wa kutuma ujumbe mfupi wa maandishi chini, kwa redio zikiwa karibu na nchi kavu, na kwa setilaiti zikiwa juu ya bahari. Ni kama SMS za ndege. Injini huripoti afya yake, mitambo huripoti hitilafu, ili mafundi wajiandae kabla ndege haijatua.

Tazama faida yake. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France namba 447 ilianguka katika Bahari ya Atlantiki ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ikiua watu 228. Masanduku yake yalikaa sakafuni mwa bahari, kina cha karibu mita 3,900, hadi Mei 2011. Lakini katika dakika zake za mwisho ndege hiyo ilituma yenyewe ujumbe mfupi 24 wa hitilafu. Kutokana na ujumbe huo wachunguzi walishuku mapema kwamba vipima mwendo vilivyoko nje ya ndege viliziba kwa barafu. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo wa 2009, mamlaka ya Ulaya iliamuru aina fulani ya vipima hivyo ibadilishwe. Yaani karibu miaka miwili kabla ya sanduku kuonekana, wasafiri wengine walikuwa wamekwisha kukingwa. Ujumbe mfupi 24 tu!

Sasa tufanye hesabu kidogo, Mwalimu wa Hisabati atanisahihisha. Kinasa data cha kisasa kinaweza kuandika maneno 1,024 kwa sekunde, kila neno likiwa na biti 12. Hiyo ni biti 12,288 kwa sekunde, sawa na baiti 1,536. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, utapata kama megabaiti 5.5. Jamani, hiyo ni nyimbo moja au mbili za simu! Vijana wa mtaani kwetu hupakua zaidi ya hizo wakisubiri kunyolewa. Kwa hiyo anayesema data za ndege moja ni nyingi mno hajapiga hesabu.

Kwa nini basi bado?

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Kumbe ugumu uko kwingine, na ni haki niueleze.

Kwanza ni gharama. Huko juu ya bahari hakuna mlingoti wa simu, ni lazima upitie setilaiti, na bundle za setilaiti si zile za shilingi ishirini. Tena, maelfu ya ndege huwa angani kwa wakati mmoja, na safari nyingi mno hufika salama. Mashirika huuliza: mbona tulipie kila sekunde ya safari ambazo hakuna atakayezisoma?

Pili ni antena. Antena ya setilaiti hukaa mgongoni mwa ndege ikitazama juu. Ndege ikilala ubavu au kupinduka, kama ile ya Douala, antena inaweza kutazama ardhi badala ya mbingu. Umeme pia unaweza kukatika. Yaani dakika ile unayoihitaji zaidi ndiyo dakika ambayo mawasiliano ni dhaifu zaidi.

Tatu ni faragha. Marubani wengi hawapingi vipimo vya ndege kutumwa, bali sauti zao. Je, wewe ungekubali mazungumzo yako yote ya kazini yatumwe na kuhifadhiwa mahali usipopajua? Sheria za kimataifa hulinda kinasa sauti ili kitumike kuchunguza ajali, si kuwaumbua watu.

Nne ni ulinzi na umiliki. Data zikisafiri hewani zinaweza kudukuliwa. Na zikifika, nani mwenyewe? Shirika la ndege, aliyeiunda, au nchi ambamo ajali imetokea?

Baada ya ajali ya 2009, wachunguzi wa Ufaransa waliwakusanya wataalamu kutafuta njia ya katikati, nao wakachunguza wazo hili: ndege isitume kila kitu wakati wote. Kompyuta yake iangalie dalili za hatari, kama vile kulala ubavu kupita kiasi, kushuka kwa kasi isiyo ya kawaida, au kukaribia ardhi mahali pasipo na uwanja. Dalili ikitokea, ndege ianze hapo hapo kutuma.

Nilipomweleza mama hilo alisema, "Ni vile tunafanya sisi." Na kweli! Siku za kawaida karani hutuma ukurasa mmoja tu. Lakini mawingu yakitanda upande wa Ngong, hutuma daftari zima, bundle iishe ikiisha.

Ndege iliyotoa mzigo Pemba

Huenda umesikia habari za ndege ya Malaysia namba MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Mitambo yake ya kuonyesha mahali ilinyamaza, lakini kifaa chake cha setilaiti kiliendelea kuitikia wito mara moja kwa saa hivi, kwa muda wa saa kadhaa. Ni kama simu isiyopiga wala kupokea, lakini bado iko hewani. Kutokana na mwitikio huo ndipo ikajulikana kwamba iliishia kusini mwa Bahari Hindi. Sanduku lake halikuonekana. Mwezi wa Juni 2016 kipande cha ubawa wake kiliokotwa pwani ya kisiwa cha Pemba, Tanzania, na baadaye kikathibitishwa kuwa ni chake. Bahari ilileta ubawa hadi kwa Waswahili, daftari ikabaki nalo.

Dunia ilishtuka. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo ofisi yake ya Afrika Mashariki na Kusini iko hapa Nairobi huko Gigiri, likaweka kanuni mpya. Tangu Novemba 2018, ndege kubwa zikiwa juu ya bahari zinatakiwa kujulikana ziliko angalau kila dakika 15. Ni hatua njema, lakini piga hesabu: ndege ya mwendo wa kilomita 900 kwa saa huenda kilomita 225 katika dakika 15. Huo ni msitu mkubwa wa kutafuta. Na ile ya Douala haikumaliza hata dakika mbili.

Kwa hiyo kanuni nyingine ikafuata. Tangu tarehe 1 Januari 2025, ndege mpya zenye uzito wa zaidi ya kilo 27,000, zilizopata cheti chao cha kwanza kuanzia mwaka 2024, zinatakiwa zikiwa hatarini zitume zenyewe mahali zilipo angalau mara moja kwa dakika, bila rubani kubonyeza chochote. Zile kuukuu hazimo. Nazo zitaruka kwa miaka mingi bado.

Daftari bila msomaji

Nikimalizia hapa nitakuwa nimekudanganya, kana kwamba kutuma ndiyo dawa ya kila kitu. Kuna ajali moja zaidi.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, aina ya Boeing 737 MAX 8, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na Bishoftu. Watu 157 walikufa, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Masanduku yalipatikana kesho yake na kufikishwa Ufaransa tarehe 14 Machi. Lakini tarehe 13 Machi, kabla hayajafunguliwa, Kanada na Marekani zilisimamisha ndege za aina hiyo, baada ya nchi nyingine nyingi kutangulia. Walitumia nini? Data za mahali na kimo ambazo ndege yenyewe ilikuwa ikizitangaza angani, zikanaswa na setilaiti. Zilionyesha kupanda na kushuka kunakofanana na kwa ndege ya Lion Air iliyoanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189. Hapo kutuma kulifanya kazi yake.

Lakini tazama upande wa pili. Kinasa data cha ile ya Indonesia kilitolewa baharini mapema, tarehe 1 Novemba 2018. Kilisomwa. Kasoro ya mtambo uliokuwa ukisukuma pua ya ndege chini ilijulikana, na onyo likatolewa kwa marubani mwezi huo huo. Ndege zikaendelea kuruka kwa miezi minne zaidi, hadi Bishoftu. Hapo data hazikuchelewa. Watu ndio waliochelewa kutenda.

Hili lilinigusa kuliko yote. Hata kwetu, wale wanachama wawili wanaopokea picha wasipozifungua, tumerudi kule kule. Anayetuma ni nusu, anayesoma na kuinuka ni nusu ya pili.

Na hizi ndogo zinazopita juu yetu?

Jambo la mwisho, kisha nitie nanga. Kanuni zote hizi ni za ndege kubwa. Ndege ndogo zenye uzito usiozidi kilo 5,700 kwa kawaida hazilazimishwi hata kubeba masanduku yale mawili, sembuse kutuma. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo aina ya Cessna Caravan ilipotea ikitoka Kitale kuja Nairobi, ikiwa na watu 10. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Msako ulichukua hadi tarehe 7 Juni, ndipo mabaki yalipoonekana katika milima ya Aberdare. Wote walikuwa wamekufa. Aberdare si Bahari Hindi, siku nyepesi ukipanda mahali pa juu Nairobi unaiona milima hiyo kwa macho.

Kwa ndege kama hizo sidhani tunahitaji kungoja mtambo wa mamilioni. Vipo vifaa vidogo vya setilaiti vinavyotuma mahali ulipo kila dakika chache, na wapanda milima na wasafiri wa jangwani huvibeba. Kidogo kinachofika kwa wakati kinafaa kuliko kingi kinachozikwa.

Kwa hiyo nikiulizwa tena na mama nitamjibu hivi. Mama, sanduku libaki, kwa kuwa ndilo daftari la asili, na kila neno limo. Lakini ndege isiliweke sanduku chini ya kitanda peke yake. Mahali ilipo itume wakati wote, vipimo vyake itume kila inapoonja hatari, na sauti za marubani zibaki sandukuni. Na huku chini awepo mtu aliye macho.

Dada yangu alifika salama. Saa kumi na moja alfajiri simu ya mulika mwizi ililia mara moja, mama akaisoma kwa tochi ya simu yenyewe. Ujumbe ulikuwa na maneno mawili tu: "Mama, nimefika." Aliuweka mkono kifuani, akazima taa, akalala.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Mwenye swali anitafute nyuma ya maabara saa ya mapumziko.